Jibu: Damu kuganda mguuni baada ya kujifungua, ni ya kurithi?

Dada, umeuliza kama damu iliyoganda mguuni mwa mdogo wako baada ya kujifungua ni ya kurithi, maana mama yenu naye aliwahi kupata. Inawezekana kabisa.

Damu ina protini za kugandisha, na ina za kuzuia mgando usipite kiasi: antithrombini, protini C na protini S. Protini C ikishaamshwa hukata fakta ya V, mojawapo ya protini za kugandisha, ili kazi ya kugandisha isimame. Wenye fakta V Leiden, iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 1994, wamerithi badiliko dogo la jeni palepale pa kukatwa, kwa hiyo fakta V yao haikatiki upesi. Ni breki za matatu zinazoshika kwa kuchelewa mteremkoni. Kuna pia badiliko la jeni ya prothrombini, protini nyingine ya kugandisha, linalopandisha kiwango chake.

Lakini hayo mawili yako zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwetu ni nadra. Kwa hiyo ukiambiwa hapa Nairobi ulipie kipimo cha Leiden pekee, mimi ningeuliza kwanza habari ya hizo protini tatu.

Tena asipimwe leo. Ujauzito hushusha protini S, na dawa za kuzuia mgando nazo hushusha: warfarini hushusha C na S, heparini hushusha antithrombini, majibu yatawadanganya. Mdogo wako asiache dawa eti apimwe. Daktari wa damu ndiye apange siku.

Wewe nawe, kabla ya vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, mtajie mhudumu kuwa mama na mdogo wako waliganda damu. Na mgonjwa akianza kuhema ovyo au kuchomwa kifuani, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.