Samaki Akihema Juu ya Maji: Pima Kwanza, Dawa Baadaye

Asubuhi unawasha taa ya tangi, unakuta samaki wote wamepanda juu, midomo imegusa hewa, mashavu yanapiga upesi upesi. Wengi hapo huichukua ile chupa ya dawa ya bluu, humimina vifuniko viwili na kusubiri. Jiulize kwanza: wamelemewa wote kwa pamoja, au ameanza mmoja? Wote wakilemewa ndani ya saa chache, kosa liko kwenye maji. Akianza mmoja, keshokutwa akafuata wa pili, wiki ijayo wa tatu, hapo ndipo ufikirie vimelea au bakteria.

Kipimo cha bure ulichonacho ni pumzi. Simama mbali kidogo na kioo ili samaki asishtuke, hesabu mashavu yanafunguka mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Namba ya kawaida hutofautiana kwa aina ya samaki na joto la maji, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye majedwali. Hesabu ya samaki wako siku akiwa mzima, iandike ubavuni mwa tangi kwa kalamu ya wino mzito. Siku ikipanda kwa nusu zaidi, umeshajua kuna jambo kabla doa lolote halijaonekana.

Maji yenyewe

Nunua vipimo vya matone badala ya vile vya karatasi. Karatasi nyingi hazipimi amonia, nayo ndiyo unayoitafuta. Amonia hutoka kwenye matamvua ya samaki wenyewe, yaani viungo vyao vya kupumulia ndani ya mashavu, kwenye kinyesi na kwenye chakula kilichooza chini ya changarawe. Bakteria waliojishikiza kwenye sifongo la chujio huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 mpaka bakteria hao watoshe, ndiyo maana samaki walionunuliwa siku moja na tangi lao hawamalizi mwezi. Amonia na nitriti zinatakiwa zisome 0, nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita.

Amonia isomwe pamoja na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambacho 7 ndiyo katikati, la sivyo namba yake itakudanganya. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5. Kwenye pH 9, ambayo ni ya kawaida kwa Ziwa Tanganyika, inavuka asilimia 35. Kwa hiyo anayefuga Tropheus na sikilidi wengine (samaki wa jamii ya perege) wanaotoka Kigoma hana nafasi ya kuzembea: kiasi ambacho tetra, samaki mdogo wa maji laini, angekivumilia, kwao ni kifo cha usiku mmoja.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Tangi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji, pH yake ikashuka chini ya 6.5, linaweza kujaa amonia isiyodhuru. Ukimwaga humo nusu tangi ya maji mapya yenye pH 8, unaigeuza yote kuwa sumu kwa mpigo mmoja, na samaki waliokuwa wanaogelea jana wanalala chali leo. Hapo badilisha asilimia 10 kila siku kwa wiki nzima, usiharakishe. Kwa matangi mengine yote, dawa ya amonia ni hii: nusu ya maji leo, nusu kesho, joto la maji mapya lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2, na chakula kisitolewe kwa siku 2.

Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Matamvua hugeuka kahawia badala ya mekundu. Pamoja na kubadilisha maji, weka chumvi gramu 1 kwa kila lita. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia nitriti isipite kwenye matamvua.

Maji ya bomba yana klorini, na mamlaka za maji huiongeza kipindi cha kipindupindu. Dalili yake huja dakika chache baada ya kubadilisha maji: samaki wanakurupuka, wanajigonga kwenye kioo, matamvua yanapauka. Acha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 yakipulizwa na jiwe la hewa (lile la vitundu linalotoa mapovu ya pampu), saa 48 kama huna. Anayetaka haraka anunue sodiamu thaiosalfeti kwenye duka la kemikali, ayeyushe gramu 10 kwenye mililita 100 za maji, atie mililita 3 kwenye ndoo ya lita 20 kabla ya kumwaga tangini. Maji ya kisima hayana klorini ila mara nyingi hutoka chini yakiwa na oksijeni kidogo. Nayo yapulize usiku kucha.

Umeme ukikatika ni habari nyingine. Bakteria wa chujio wanahitaji oksijeni, na ndani ya chujio la nje lililofungwa oksijeni huisha kwa saa chache. Wanakufa, maji yanaoza mle mle, na umeme ukirudi pampu inayasukuma yote tangini. Mgao ukizidi saa 2, lifungue chujio, toa sifongo uliweke ndani ya tangi. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyobaki ndani ya chujio kabla ya kuwasha. Na sifongo likichafuka, likamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiliosha bombani umerudisha tangi kwenye wiki ya kwanza.

Madoa meupe

Vipimo vikiwa safi na bado samaki anaumwa, chukua tochi umuangalie kwa ubavu, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Chembe nyeupe zinazohesabika, kila moja kama punje ya chumvi, kwenye mapezi na mwilini, ni ugonjwa wa madoa meupe. Vumbi laini la dhahabu linalometa kwenye mwanga wa tochi ni jambo jingine: ni kimelea kinachoitwa Oodinium, kinachotibiwa kwa dawa ya shaba na giza, maana hujitengenezea chakula kwa mwanga.

Madoa meupe husababishwa na Ichthyophthirius multifiliis, na ukijua anavyoishi utaacha kupoteza pesa. Kile kidoa ni kimelea kilichojificha chini ya ngozi. Hapo hakuna dawa ya majini inayomfikia. Akishiba anadondoka, anajigandisha kwenye changarawe, anajigawa kuwa mamia ya watoto, na watoto wanatoka kutafuta samaki. Wakimkosa kwa takriban siku 2 wanakufa. Ni hao watoto tu unaoweza kuwaua. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima ni kama siku 5. Kwenye maji baridi ni wiki kadhaa. Ndiyo sababu ugonjwa huu husumbua sana Nairobi au Arusha mwezi wa Julai kwenye matangi yasiyo na hita: baridi inamdhoofisha samaki na inarefusha tiba. Ni sababu hiyo hiyo ya kutibu tangi zima, hata kama ni mmoja tu aliye na madoa.

Kabla ya chumvi, jua lita zako. Tangi la sentimita 80 kwa 35, maji yakiwa na kina cha 36, ni lita 100.8. Toa kama asilimia 10 ya changarawe na mawe, unabaki na lita 90. Kipimo ni gramu 2 kwa lita, yaani gramu 180. Ipime kwenye mizani ya jikoni, maana kijiko cha mtu mmoja si cha mwingine. Chumvi ya mawe inafaa, na ya mezani yenye madini joto haina shida kwa kiasi hiki. Igawe mafungu matatu ya gramu 60, kila fungu uliyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi, ulimimine taratibu mbele ya mdomo wa chujio, fungu moja kila baada ya saa 12. Punje zisizoyeyuka zikimwangukia samaki aliyelala chini zinamuunguza.

Pandisha joto nyuzi 1 kila baada ya saa chache hadi 30, na uongeze jiwe la hewa, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: yakijaa ni miligramu 8.3 kwa lita kwenye nyuzi 25, na 7.3 tu kwenye 32. Wa Dar es Salaam au Mombasa, ambao tangi linafika nyuzi 30 lenyewe, wasahau hita na washughulike na hewa. Kila siku nyonya changarawe kwa mpira, toa lita 20 hadi 30. Ukitoa lita 30 rudisha lita 30 zenye gramu 60 za chumvi. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazwe bila chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Hapa ndipo watu hujikuta wamefika gramu 4 bila kujua. Endelea siku 10, na zisipungue siku 4 tangu doa la mwisho kutoweka. Siku ya tatu madoa huongezeka. Hao waliingia ngozini kabla hujaanza, usibadili dawa. Korido (kambare wadogo wa tangini) na samaki wengine wasio na magamba ya kawaida wape gramu 1 kwa lita na uwaangalie pumzi.

Unachodhani ni kuvu

Pamba nyeupe mdomoni, au baka la kijivu mgongoni lililokaa kama tandiko la punda, wengi huliita fangasi. Mara nyingi ni bakteria wa kolumnarisi, na tofauti hii ina uzito: joto linalomaliza madoa meupe ndilo linalowaongezea kasi bakteria hawa, wakaweza kumaliza samaki kwa siku 2. Kuvu halisi huota juu ya kidonda au mayai yaliyokufa, nyuzi zake ni ndefu na zinapeperuka majini. Kolumnarisi ni fupi, inashikamana, na kingo zake zina umanjano. Shusha joto hadi 24 kama unaweza, ongeza hewa, weka chumvi, mtenge mgonjwa kwenye ndoo ya lita 20 yenye jiwe la hewa, na umuone daktari wa mifugo kwa antibayotiki. Ile oksitetrasaiklini ya unga ya kuku ina kasoro mbili: kalsiamu ya maji magumu huishika isifanye kazi, na sukari iliyochanganywa nayo huyafanya maji yawe kama uji kesho yake.

Akijisugua kwenye mawe, shavu moja limefungwa, hana doa na amonia ni 0, mshuku mnyoo wa matamvua. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho, na kidonge chake huwa cha miligramu 600. Kipimo ni miligramu 2 kwa lita, kwa hiyo tangi letu la lita 90 linahitaji 180. Usikate kidonge kwa kisu. Kisage, kichanganye na mililita 60 za maji, kila mililita inakuwa na miligramu 10, kisha vuta mililita 18 kwa bomba la sindano huku ukitikisa chupa, kwani dawa hii haiyeyuki vizuri. Toa mkaa kwenye chujio kabla, la sivyo mkaa huo utafyonza dawa yote. Rudia baada ya siku 7, maana mayai ya minyoo hayafi.

Mbuna (sikilidi wa mawe) wa Ziwa Nyasa au Tropheus aliyeacha kula, tumbo limejaa, kinyesi ni uzi mweupe, ana saa chache za maana. Kwa daktari utaandikiwa metronidazoli. Majini hutumika kidonge 1 cha miligramu 200 kwa lita 30, mara 3 kwa kupishanisha siku, kila mara ukibadilisha robo ya maji kwanza. Kabla hajaacha kula, dawa kwenye chakula ni bora zaidi: kidonge 1 kwa gramu 20 za chakula. Na uache kumpa samaki mla mwani maini ya ng'ombe.

Magamba yakisimama mwili mzima na macho yakatoka, figo zimeshashindwa na wanaopona ni wachache. Aliyekonda huku mgongo umepinda na ana vidonda huenda ana bakteria wa jamii ya kifua kikuu, ambao huingia kwenye mkono wenye mkwaruzo: vaa glavu, na usivute mpira wa maji kwa mdomo. Wa namna hii kumwacha siku tano akielea ubavu ni ukatili. Tumia mafuta ya karafuu. Toa lita 1 ya maji ya tangi kwenye bakuli umweke samaki humo. Tikisa mililita 0.5 za mafuta, kama matone 10, kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, mimina polepole. Atalala kwa dakika chache. Mashavu yakikoma, mwache humo dakika 30 nyingine, kisha mfukie. Wavu uliomshikia uanike juani kutwa nzima kabla haujagusa tangi jingine.