Namba 3816547290 ina nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha pili amekuja na namba 3816547290, anadai hakuna nyingine ya aina yake. Nikimuuliza amejuaje, anajibu, "Kompyuta imesema." Je, ni kweli? Na mtu mwenye daftari na kalamu tu anaweza kuhakikisha? – Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kijana yuko sahihi, ila hiyo kompyuta aiweke pembeni.

Namba hiyo ina tarakimu zote, 0 hadi 9, kila moja mara moja. Sasa ihesabu kutoka kushoto: 38 inagawanyika kwa 2, 381 kwa 3, 3816 kwa 4, 38165 kwa 5, hivyo hivyo mpaka namba nzima kwa 10, bila baki popote. Tarakimu kumi zinapangika kwa njia 3,628,800, na ni mpangilio huu peke yake unaopita.

Twende kwenye daftari. Ya mwisho ni 0, kwa amri ya 10. Basi ya tano ni 5. Nafasi ya 2, 4, 6 na 8 zinadai shufwa, kwa hiyo witiri zilizobaki zinakaa ya 1, 3, 7 na 9. Utamu unaanzia hapa. Ukigawa kwa 4 unatazama tarakimu mbili za mwisho tu, na kwa kuwa ya tatu ni witiri, ya nne haiwezi kuwa 4 wala 8: jaribu 14, 38, 74, zote zinakataa. Ni 2 au 6. Ya nane nayo inabanwa vivyo hivyo na sharti la 8. Basi 4 na 8 zinagawana nafasi ya pili na ya sita. Halafu masharti ya 3 na ya 6 yanataka jumla ya tarakimu ya nne, ya tano na ya sita igawanyike kwa 3, na hapo katikati panabaki 258 au 654, basi.

Kipimo cha 9 ni cha bure: 1 hadi 9 jumla yake ni 45 hata uzipange vipi.

Ukirudia masharti ya 3 na ya 8, mamilioni yote yale yanabaki kumi. Tarakimu zao saba za mwanzo ni hizi: 1472589, 7412589, 1896543, 9816543, 7896543, 9876543, 1836547, 3816547, 1896547, 9816547. Mwachie kijana azigawe kwa 7 mwenyewe. Atakimbilia 9876543 kwa uzuri wake, inabaki 5. 1836547 inabaki 6. 3816547 inatoa 545221 kamili.

Akimaliza, mruhusu kurudia tarakimu, kisha mwonyeshe hii: 3608528850368400786036725. Inafuata sharti lile lile hadi kwa 25, na tarakimu yoyote atakayoongeza mwishoni, 26 itakataa.