Askari aliyeandika tarehe za uongo kuwaokoa Wayahudi: alitenda dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni askari polisi. Nimesoma habari za Paul Grüninger, kamanda wa polisi wa jimbo la St. Gallen, Uswisi, aliyeandika tarehe za uongo ili Wayahudi waliomkimbia Hitler wasirudishwe. Mwenzangu kazini anasema alidanganya na kuvunja kiapo, basi ni mkosaji tu. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu.

Agosti 1938, miezi michache baada ya Ujerumani kuimeza Austria, Uswisi iliwafungia mpaka wakimbizi wasio na viza. Grüninger aliwapitisha, kisha akaandika kwamba waliingia kabla ya mpaka kufungwa. Waliopona kwa mkono wake ni mamia, na wapo wanaotaja hadi 3,600.

Uongo ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini Imam Nawawi ameeleza katika Riyadhu Swalihin kwamba Muislamu akijificha kwa dhalimu anayetaka kumuua, nawe ukaulizwa aliko, ni wajibu useme uongo kumficha. Wajibu, si ruhusa tu! Mwenzako atasema: huyo ni Muislamu, hawa ni Mayahudi. Mkumbushe jeneza lililopita mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akasimama. Akaambiwa ni la Yahudi. Akajibu: “Kwani si nafsi?” Basi ikiwa maiti wao alisimamiwa, vipi aliye hai anayebisha mlangoni? Na aya ya 32 ya Suratul Maida, isemayo kuwa anayemwokoa mtu mmoja ni kama amewaokoa watu wote, inaanza kwa kuwataja Wana wa Israili wenyewe.

Kuhusu kiapo, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba aliyeapa kisha akaona jambo lililo bora zaidi, alifanye hilo bora na atoe kafara ya yamini yake. Wala hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Ila wewe ni askari, kwa hiyo nitasema wazi: hii si fatwa ya kubadilisha kumbukumbu za kituo kwa ajili ya jamaa yako, wala kwa kitu kidogo. Mtazame Grüninger alipata nini. Alisimamishwa kazi mwaka 1939, akafukuzwa bila pensheni, na mwaka 1940 mahakama ikamtia hatiani na kumtoza faini. Alizushiwa hata kwamba alihongwa, na haikuthibitika. Aliishi kwa tabu mpaka akafariki mwaka 1972. Mahakama ilimfutia hatia mwaka 1995, miaka 23 akiwa kaburini. Ukitaka kujua kama uongo wako unafanana na wake, angalia kwanza nani ananufaika nao na nani anaulipia.

Wallahu aalam.