Mkazo, msongo au shinikizo la jino?

Swali: Tunaandaa kipeperushi cha wagonjwa wa meno hapa Ujiji, Kigoma. Nimeandika: "Posti ya chuma huleta msongo kwenye jino, simenti ikafeli." (Posti ni kijiti kinachopachikwa ndani ya mzizi kushikilia taji, yaani kofia ya jino; simenti ndiyo inayokigundisha.) Mwenzangu anataka niandike shinikizo. Lipi sahihi?

Jibu: Andikeni mkazo. Msongo umeshazoeleka kwenye mawazo, na mgonjwa atausoma hivyo. Kuhusu shinikizo, mwenzako amekaribia, maana shinikizo na mkazo vyote hupimwa kwa paskali. Ila shinikizo hukandamiza uso wa kitu kutoka nje, kama usaha unaosukuma kwenye ncha ya mzizi. Mkazo umo ndani ya kitu kigumu kinapoipinga kani iliyokifikia. Mtu akitafuna kichwa cha mgebuka, jino hupata kani. Mkazo huzaliwa ndani ya posti, sementi na dentini, yaani sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli.

Kitenzi "huleta" nacho kinapotosha. Mkazo huletwa na kutafuna. Posti huamua uende wapi. Ukakamavu wa dentini, yaani ukinzani wake wa kupinda, ni gigapaskali 18 hivi, na wa chuma kisichoshika kutu ni kama 200. Dentini ikipinda kidogo, chuma hakifuatani nayo, basi mkazo hujikusanya mwishoni mwa posti, chini kwenye mzizi. Mzizi ukipasuka kwa urefu, jino kwa kawaida hung'olewa. Posti ya nyuzi za kioo ina ukakamavu ulio karibu zaidi na wa dentini, kwa hiyo mkazo husambaa, na mara nyingi kinachoachia kwanza ni sementi. Jino la namna hiyo aghalabu hutengenezeka tena.

Ndiyo maana "kufeli" naliona neno baya kuliko yote katika sentensi hiyo: halisemi kilichotokea. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Mzizi hupasuka. Posti hupinda, huvunjika au huchomoka. Sementi ikiachia ukuta wa mfereji wa mzizi, imebanduka. Ikikatika yenyewe kwa ndani, imemeguka. Msichanganye hivi viwili, kwani chanzo hutofautiana. Sementi ya resini, aina ya plastiki inayoganda, hubanduka ukuta ukiwa na unyevu au mabaki ya dawa yenye yujenoli (kiini cha mafuta ya karafuu), ambayo huizuia kuganda sawasawa. Humeguka ikiwa na mapovu ya hewa, kwa kuwa mkazo huzidi pembezoni mwa povu. Tena resini hunywea inapoganda, kwa hiyo ina mkazo hata kabla mgonjwa hajauma chochote.

Simenti ni ya kujengea nyumba. Kwa meno andikeni sementi ya kugundishia, kwa sababu vitabu vya biolojia huita sementi lile tabaka gumu linalofunika mzizi.

Kwa nakala ya watoa huduma, ongezeni vipimo: bakizeni gutaperka (utomvu kama mpira unaozibia mfereji wa mzizi) milimita 4 hadi 5 kwenye ncha ya mzizi, na ukingo wa dentini nzima wa milimita 2 hivi juu ya ufizi, ambao taji litaukumbatia pande zote. Ukingo huo huipunguzia sementi mkazo.

Kwa wagonjwa: "Posti ya chuma ni kakamavu kuliko jino. Unapotafuna, mkazo hujikusanya mwishoni mwa posti, na mzizi unaweza kupasuka."