Lami Kuukuu Kurudishwa Barabarani: Je, Tunapunjwa?

SWALI: Mhandisi, barabara ya mtaa wetu hapa Nakuru imekwanguliwa, na lami yake kuukuu imerundikwa kando. Mkandarasi anasema ataisaga na kuirudisha chini ya lami mpya. Majirani wananung'unika kwamba tunapunjwa, kwa kuwa tulitarajia barabara mpya. Wengine wanauliza kwa nini asichanganye plastiki zilizojaa katika jaa la Gioto. Mimi nina wasiwasi kuhusu ziwa, kwani mvua ikinyesha maji ya mtaa huu huteremka kuelekea huko. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hampunjwi, mradi kazi ifanywe inavyopaswa. Kwa uzito, takriban asilimia 95 ya lami ni kokoto na mchanga. Asilimia 5 hivi tu ndiyo bitumini, yaani kinata cheusi kinachoshikanisha mawe hayo. Kinachochakaa kwanza ni kinata hicho, ambacho hukauka kwa jua na hewa hadi kikapasuka, ilhali jiwe lingali zima. Kulitupa jiwe hilo, kisha kwenda kulipua kilima kingine ili kupata la namna ileile na kulisafirisha kwa malori yanayochoma dizeli, ndiyo hasara yenyewe.

Ipo njia ya kuisaga lami kuukuu palepale barabarani, kuichanganya na saruji kidogo pamoja na bitumini moto iliyotiwa maji kidogo ili iumuke povu, kisha kuishindilia iwe msingi wa tabaka jipya. Kwa kuwa lami hiyo kuukuu haipashwi moto, fueli na moshi hupungua sana. Ikitumiwa kwa wingi katika tabaka la juu, lazima iongezewe bitumini laini ili kufidia ugumu wa ile ya zamani. Mkandarasi asipofanya hivyo, nyufa zitaonekana mapema. Mwulizeni ni asilimia ngapi atakayotumia, katika tabaka lipi, na matokeo ya maabara yanasemaje. Akijibu kwa hasira, mwandikieni msimamizi wa mradi.

Rundo lenyewe halinitii hofu kubwa, maana bitumini itokanayo na mafuta ghafi haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Huko Ulaya tahadhari ni kubwa zaidi kwa sababu barabara nyingi za zamani zilijengwa kwa lami ya makaa ya mawe, yenye kemikali zinazosababisha saratani. Hata hivyo, rundo hilo likae mbali na mtaro na lifunikwe wakati wa masika, kwa kuwa changarawe na vumbi vikisombwa vitaziba mifereji.

Kuhusu plastiki, nina tahadhari zaidi kuliko majirani zako. Mbinu hiyo iliendelezwa na Profesa Rajagopalan Vasudevan wa Madurai, India, na mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo ikaagiza itumike katika barabara zilizo karibu na miji mikubwa. Plastiki iliyokatwakatwa humwagwa juu ya kokoto zenye joto la nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi, ikazipaka utando mwembamba kabla ya bitumini kutiwa. Mifuko na chupa za maziwa huweza kufaa, lakini mabomba ya PVC yakipashwa moto hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu, na wa kwanza kuivuta ni vibarua. Taka za Gioto zimechanganyika na matope, vyakula na kila kitu, hivyo bila kuchambuliwa na kuoshwa hazifai kabisa.

Kisha kuna suala la ziwa. Tabaka la juu husuguliwa na magurudumu kila siku, na chembe zake hufuata maji ya mvua. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, hivyo chembe zitakazofika huko hazina njia ya kwendea. Kwa Nakuru, basi, ningeikubali plastiki katika tabaka za chini tu, zilizofunikwa vizuri. Ni kweli kwamba magurudumu yenyewe tayari hutoa chembe za mpira kwa wingi, lakini hilo si ruhusa ya kuongeza nyingine.

SWALI: Je, jivu la makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya huku kwetu linaweza kuimarisha udongo mweusi wa barabara zetu za vijijini? (Msomaji, Ahero)

JIBU: Linaweza kusaidia, ila si peke yake. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka; jivu lina silika, yaani madini kama yale ya mchangani, inayoshikana na chokaa na kuutuliza, hivyo chokaa haiepukiki. Jivu liwe limeungua vizuri, kwa sababu kaboni iliyosalia hudhoofisha mchanganyiko. Wakati wa kulitandaza linyunyiziwe maji na wafanyakazi wavae barakoa, kwani vumbi lake na la chokaa ni hatari kwa kifua na macho.