Msifyeke hicho kichaka kabla mpimaji hajakiona

Wekeni mapanga chini kwanza. Umeeleza kwamba kikundi chenu cha watu 40 huko Pangani kimempata mtu wa kuwaunganisha na malipo ya utunzaji wa mazingira, kwamba amewataka mfyeke ekari 12 za kichaka kabla ya masika ili mpande mitiki kwa mistari, nawe unauliza miche inunuliwe wapi, kwa bei gani, na daftari la mapato liandikwe vipi. Nilipofika kwenye neno "mfyeke" sikuweza kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa sababu ndilo neno lililotufilisi sisi.

Kijiji chetu kiko Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, upande ambao vijito vyake huteremkia mto Zigi na kufika bwawa la Mabayani, ambako watu wa Tanga mjini hupata maji. Halmashauri ya kijiji ilikipa kikundi chetu cha watu 32 ekari 9 zilizokuwa mashamba zamani, zikaachwa, nazo zikarudi kuwa kichaka chenye mikongo na mivule michanga iliyoota yenyewe. Akaja dalali aliyejiita mtaalamu wa misitu. Alituambia kwamba wafadhili hulipia miti iliyopandwa, na kwamba wakikuta kichaka watadhani eneo limetelekezwa. Tulifyeka kwa siku 11, tukachoma. Kisha tukanunua miche 4,000 ya mitiki kwa shilingi 500 kila mmoja, yaani milioni 2 zilizotoka katika akiba ya kikoba, na nyingi zilikuwa fedha za akina mama waliouza machungwa msimu mzima.

Mpimaji, yule anayekagua eneo kabla ya malipo, alipofika hakuhesabu mche hata mmoja. Alichuchumaa penye kisiki cha mkongo, akayapapasa machipukizi yaliyokwisha kutoka pembeni, akauliza mti ule ulikatwa lini na kwa amri ya nani. Baadaye alifungua kompyuta yake juu ya boneti ya gari, akatuonyesha picha mbili za setilaiti: ya Februari eneo letu ni kijani, ya Aprili ni kahawia tupu, na mipaka yake imenyooka kama tulivyoikata. Hakuna aliyesema neno.

Ndugu yangu, elewa hili, maana ndilo tusiloambiwa. Malipo haya ni ya hewa ukaa, ile gesi inayoipasha dunia joto na ambayo miti huifyonza. Mnunuzi wake halipii mti, analipia tofauti kati ya kilichokuwapo kabla yenu na kile mlichoongeza. Ukifyeka kilichokuwapo, umeuondoa mwanzo wa hesabu kwa mkono wako, na tena unahesabiwa kuwa mharibifu. Kiwango cha VCS, yaani kanuni za hewa ukaa za shirika la Verra, kinachotumiwa na miradi mingi ya namna hii duniani, kinakataa eneo ambalo uoto wake wa asili ulifyekwa kwa ajili ya kupata malipo hayo ndani ya miaka 10 kabla ya mradi kuanza. Mjukuu wangu aliyezaliwa mwaka ule atakuwa shule ya msingi ndipo ekari zile zitakapoweza kuzungumziwa tena.

Na masika yale maji yaliuchukua udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ya kichaka, pamoja na karibu nusu ya miche. Kijito kikawa na rangi ya chai ya maziwa, nacho pia tulitaka kulipwa kwa kukitunza! Sehemu tuliyofyeka ilifika hadi ukingoni, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali alikuwa ameshapokea "ada ya usajili" bila stakabadhi, na simu yake haikupatikana tena. Bado nina hasira naye. Anayeagiza watu maskini wakate miti bila kuuliza kwanza kilichopo amefanya dhuluma, hata kama hakujua.

Kwa hiyo asikate mtu hata fito kabla mpimaji anayetambuliwa na mnunuzi mwenyewe hajatembea eneo lote pamoja nanyi, mkapiga picha kila pembe, mkaandika kila mti uliopo, na orodha hiyo ikasomwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuingia kwenye muhtasari. Huyo mtu wenu akikataa, basi mmeshapata jibu lake. Huenda hata mitiki hamuihitaji, kwa kuwa kisiki kilicho hai kina mizizi tayari, na kikipogolewa kikabakiziwa machipukizi machache hukua haraka kuliko mche wa kununua.

Nijibu leo: kichaka kingali kimesimama, au mmeshaanza? Kama mmeanza, simamisheni hapo mlipofika, msichome mlichokata, na msing'oe kisiki hata kimoja.