Kampuni inaweza kupona, hisa zako zisipone

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Sote wazima huku, na baba ako goti limetulia. Ujumbe wako nimeusoma na ule wa sauti nimeusikiliza. Unauliza kuhusu kile kiwanda ambacho bei ya hisa zake imeshuka mpaka robo ya ilivyokuwa, na sasa kimeleta mkurugenzi mpya na mpango wa kujifufua: utie humo akiba yako au uiwache benki? Baba ako kasema uswali istikhara. Swali, lakini na mahesabu uyasome.

Wewe unauliza kama kampuni itainuka. Mimi nauliza, ikiinuka, wewe utakuwa bado umo? Ni mambo mawili, na watu wengi wanaliwa hapo katikati.

Mfano hauko mbali, ndege zake tunaziona zikitua Kisauni hapa Unguja. Kenya Airways katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2016 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 26 za Kenya. Mwaka 2017 wakakaa na wadai wao, na sehemu ya madeni ikageuzwa hisa. Serikali ya Kenya ikatoka na asilimia 48.9 ya kampuni, mabenki asilimia 38.1, na KLM, ambao walikuwa na zaidi ya robo, wakabaki na 7.8. Sasa piga hesabu mwenyewe wale wanahisa wadogo, waalimu na wauza maduka wa Nairobi, walibakiwa na nini. Hawakuibiwa. Hisa zao walikuwa nazo, ila keki ilikatwa upya na wao hawakuwamo chumbani. Halafu Julai 2020 biashara ya hisa hizo ikasimamishwa sokoni, ikarudi Januari 2025. Miaka minne na nusu huwezi kuuza hata ukifiwa, hata mtoto akitakiwa ada ya skuli. Mwaka 2024 wakapata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, watu wakapiga makofi. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara tena, zaidi ya bilioni 12, baadhi ya ndege zao kubwa zilikaa chini kwa kukosa injini. Na muda wote huo kampuni ipo, inaruka, inabeba abiria.

Kodak, ile kampuni ya Marekani ya kamera na filamu, nayo vile vile. Waliosema jina kubwa kama lile halifi walisema kweli: iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, ikatoka Septemba 2013, na mpaka leo ipo. Hisa za zamani zilifutwa. Aliyezishika kwa imani hakuambulia kitu.

Sababu yake haina maajabu. Kampuni ikizidiwa, mwenye hisa ndiye wa mwisho kulipwa. Mbele yake yupo mwenye benki aliyeshika rehani, wapo wafanyakazi na kodi, wapo waliouza mzigo kwa mkopo. Na yeyote anayeleta fedha mpya za kuokoa huja na masharti yake, na masharti hayo hayaandikwi kwa kukufikiria wewe uliyenunua kwa dalali wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo hiyo hotuba ya mkurugenzi mpya iweke kando. Mimi nimeshika vitabu vya duka la jumla Darajani miaka mingi, na duka linaloanguka nilikuwa nalijua kabla mwenyewe hajasema: wanaomletea mzigo wanaacha kumkopesha. Wiki hii mchele kwa mkopo, wiki ijayo wanataka nakidi kabla gari halijashusha. Wewe uko huko huko Dar, una marafiki kwenye biashara. Ulizia wanaokiuzia kiwanda malighafi, wanakipa muda wa kulipa kama zamani au wanataka chao kwanza? Jibu la dereva wa lori hapo linaweza kuwa na maana kuliko kurasa ishirini zenye picha za rangi.

Kisha fungua mahesabu yaliyokaguliwa, uanzie nyuma. Tafuta pale mkaguzi anapoeleza kama ana wasiwasi kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Wakaguzi ni watu waoga wa maneno, wakiandika hilo ujue wamelazimika. Tazama madeni yanayodai kulipwa ndani ya miezi kumi na miwili, uyapime na fedha iliyopo mkononi. Yakiwa yanaizidi mbali, basi mpango si wa mkurugenzi, ni wa benki, na benki ikisema kesho hapana, kesho hiyo hiyo mambo yamekwisha. Tazama pia mtiririko wa fedha: shughuli zenyewe za kiwanda zinaleta nakidi au zinaila? Faida ya mwaka jana unayonisifia isije ikawa wameuza kiwanja. Kiwanja huuzwa mara moja.

Na ujue kujirekebisha kwenyewe kunakula fedha. Wafanyakazi wanaopunguzwa hulipwa kiinua mgongo, mashine mpya hununuliwa, wateja waliokimbia huvutwa kwa bei ya chini, na yote haya wakati ambao kampuni haina kitu. Unakumbuka Beit al-Ajaib: jengo la 1883 limesimama miaka yote hiyo, sehemu yake ikaporomoka 25 Disemba 2020 mafundi wakiwa humo wanalikarabati, na watu wakafa. Wakati wa matengenezo ndio wakati wa hatari.

Hata nafuu ya kweli haitoshi. Uchumi, ile kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilifunga maduka Juni 2006, ikafufuliwa, ikarudi soko la hisa la Nairobi 2011. Huo ulikuwa ufufuo wa haki, sio maneno. Kisha ikatanuka, mwishoni mwa 2014 ikawaomba wanahisa waongeze fedha, na kabla 2015 haijamalizika imeshamwondoa mkurugenzi wake na kufunga maduka ya Tanzania na Uganda. Huyu mkurugenzi mpya wa kiwanda chako nasikia ameshaanza kuzungumzia tawi la Kongo. Mimi hilo limenitia baridi kuliko hasara zote.

La riba, kama hisa hizo ni halali kwetu, muulize sheikh, mimi sitoi fatwa. Nakwambia hesabu tu: kipimo cha AAOIFI, wale wa Bahrain wanaoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kinataka mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zake sokoni. Kampuni inayoshuka, thamani yake sokoni inapungua na deni liko pale pale. Kwa hiyo hisa unayoiona rahisi mara nyingi imeshavuka kipimo kwa sababu hiyo hiyo iliyoifanya iwe rahisi.

Ushauri wangu: usinunue sasa. Ngoja watangaze wamekubaliana nini na mabenki, na hasa kama deni litageuzwa hisa na kwa bei gani. Ngoja uone nakidi inaingia kutokana na kuuza bidhaa, robo mwaka mbili tatu mfululizo. Utanunua kwa bei ya juu kuliko ya leo, najua, na mjomba ako atakucheka. Mwache acheke; yeye kila jambo anataka awe wa kwanza. Na kama moyo hautulii kabisa, tia kiasi ambacho kikipotea mkeo hatolazimika kujua kwa kuona sahani imepungua chakula. Fedha za kiwanja cha Fuoni usiziguse, wala usikope. Hisa za kampuni ndogo pale Dar huweza kukaa siku na siku bila mnunuzi, si kitu cha kukimbilia kukiuza ukiwa na shida.

Hiyo taarifa ya mwaka uliyosema unayo, nitumie yote. Safari iliyopita ulinitumia kurasa za mbele tu. Nazitaka zile za maelezo ya mikopo: nani anadai, anadai lini, na ameshika rehani gani. Nikishazisoma nitakupigia, Ijumaa baada ya sala.

Mama yako